Obdulia Leal Rocha, Aliyepiga Kodiani ya "Kamba Fupi"

Padri, ndugu, jamaa na majirani mlioketi humu na mliokosa nafasi mkasimama nje kwenye jua, familia ya marehemu inawashukuru kwa kufika, na kabla mwili haujatoka inaomba msikilize maisha yake kama yalivyokuwa, kwa sababu karatasi mliyogawiwa mlangoni asubuhi hii, iliyochapwa na chama cha wapenzi wa bendi ya Wababe wa Pablillo, ina mistari minne tu, na mstari wa kwanza unamwita mjane wa Ascensión Villagrán, mwimbaji, ilhali marehemu alikwisha kuachana na mtu huyo mahakamani karibu miaka kumi na mitatu kabla mtu huyo hajafa. Historia hii imeandikwa na mabinti zake wawili, na anayeisoma ni Nereida, binti mdogo, ambaye humu ndani atatajwa kwa jina lake kama anavyotajwa kila mtu.

Obdulia Leal Rocha alizaliwa tarehe 11 Februari 1949 katika kitongoji cha Las Crucitas, nje ya mji wa Linares, jimbo la Nuevo León, akiwa mtoto wa tatu na msichana pekee kati ya watoto watano wa Mzee Encarnación Leal, mkulima wa machungwa aliyepiga kodiani kwenye harusi za majirani, na Bi Petra Rocha, aliyepika peremende za maziwa ya mbuzi na kuziuza kituo cha basi. Alibatizwa tarehe 20 Machi mwaka huohuo, na Bi Petra alikuwa akisimulia kwamba Mzee Encarnación, alipoambiwa kuwa ni msichana, aliuliza tu kama mama mtu ni mzima, akachukua jembe akarudi shambani, na katika nyumba ile jambo hilo lilihesabiwa kuwa ni upole.

Alianza shule ya msingi ya kitongoji mwezi Septemba 1956, akawa wa kwanza katika hesabu miaka mitatu mfululizo, na akatolewa shuleni mwezi Mei 1961, akiwa darasa la tano, kwa kuwa Bi Petra alikuwa amevimba miguu na nyumbani kulikuwa na wanaume watano wa kupikiwa. Mwalimu wake alifika mwenyewe kumwombea, akasimama uani na kofia mkononi, na Mzee Encarnación akamjibu, "Mwalimu, huyu hesabu ya mikate ya tortilla anaijua, nyingine ya nini?", wakacheka wote wawili, mwalimu akaondoka.

Kodiani alijifunza bila kufundishwa. Kila Jumapili baada ya misa Mzee Encarnación alikaa barazani akimfundisha kaka mkubwa, Crescencio, na Obdulia alikuwa hatua tatu tu kutoka hapo akipukuchua mahindi, asiambiwe aondoke kwa sababu hakuna aliyefikiri kwamba anasikiliza. Mwezi Oktoba 1962 mzee alirudi kutoka shambani mchana, akasikia polka ikipigwa ndani bila kosa hata moja, akaanza kumsifu Crescencio tangu yuko langoni, kisha akamkuta Crescencio zizini anakamua mbuzi. Alisimama mlangoni mpaka polka ikaisha, akamwambia binti yake kwa sauti ya chini, "Kitu hiki hufunguliwa na kufungwa juu ya kifua, mwanangu, sasa unataka watu watazame nini?", na baada ya kufikiri akamruhusu apige, ila ndani, na madirisha yafungwe. Marehemu alisema hadi uzeeni kwamba baba yake alimpenda, na kwamba hiyo ndiyo iliyokuwa shida, kwa maana mtu asiyekupenda unaweza kumkimbia.

Tarehe 2 Novemba 1964, akiwa na miaka kumi na mitano, aliajiriwa katika ghala la kufungashia machungwa mjini Linares, akafanya kazi ya kuchambua na kufunga kwa karatasi, kazi aliyoifanya kwa vipindi tofauti hadi mwaka 1993, na wenzake wa ghala ambao leo wamekuja kwa basi moja kutoka Linares wanakumbuka kwamba vidole vyake havikuwahi kutulia, hata akiwa anasubiri mkanda wa kupitishia machungwa uwashwe alikuwa akigonga mbao za kreti.

Ascensión Villagrán alifika Las Crucitas mwezi Juni 1968 akimtafuta Crescencio, aliyesifiwa kila mahali kuwa ni mpiga kodiani hodari. Walifanya mazoezi siku mbili uani na Ascensión hakuona uhodari wowote, mpaka siku ya tatu, akiwa anakunywa maji kisimani, akasikia kodiani nyingine kutoka nyuma ya dirisha lililofungwa, akaelewa sifa zile zilitoka wapi. Kuanzia hapo alikuja kila wiki, na shati jipya, na nyama kwa Bi Petra. Walifunga ndoa tarehe 17 Mei 1969 katika kanisa la parokia Linares, na bwana harusi aliposimama kushukuru alisema mbele ya wageni wote, "Mimi nimekuja kuoa kodiani, bibi harusi nimeongezewa tu!", na watu wakacheka hadi kushika mbavu, na bibi harusi akacheka pamoja nao, kwa kuwa alidhani ni utani.

Mungu aliwajalia watoto wanne, Ubaldo, aliyezaliwa tarehe 3 Aprili 1970, Minerva, tarehe 22 Juni 1972, Nereida, tarehe 19 Januari 1974, na mtoto wa kiume aliyezaliwa amekufa mwezi Agosti 1976, wakati Ascensión akiwa safarini na bendi huko Texas, ambaye marehemu alimzika yeye na Bi Petra, wawili tu.

Bendi ya Wababe wa Pablillo ilirekodi santuri yake ya kwanza mjini Monterrey mwezi Machi 1971. Crescencio alijaribu asubuhi nzima, vidole vikamkatalia, na Ascensión akatuma gari Linares kumchukua mke wake, aliyefika na Ubaldo mgongoni. Mwenye studio akauliza, "Huyu bibi ni wa nani?", Ascensión akajibu, "Ni wangu, ana haya," akamtundikia mablanketi mawili kwenye kona, na huko nyuma ya mablanketi marehemu akapiga nyimbo zote kumi mpaka saa tisa usiku, akitulia kila baada ya nyimbo mbili kumnyonyesha mtoto. Kwenye jalada la santuri aliwekwa Crescencio, amevaa kofia nyeupe, amekumbatia kodiani ya dada yake. Hivyo ndivyo zilivyorekodiwa santuri zote saba, kuanzia mwaka 1971 hadi 1980, na majukwaani Crescencio alipiga nyimbo nyepesi, zile ngumu ikasemwa kwamba mkono wake unauma.

Tumefika kwenye wimbo ambao wengi wenu mnaujua, na baadhi yenu, bila ya nia mbaya, mlitaka upigwe leo. Mwezi Julai 1973, wakati wa chakula cha mchana, mbele ya wanabendi wote, marehemu aliomba kwa mara ya kwanza na ya mwisho kwamba katika sherehe za mji mwezi Agosti na yeye aketi jukwaani, pembeni, hata kwa wimbo mmoja. Ascensión akasema, "Ukimlegezea kamba asubuhi, jioni unamkuta shamba la jirani," wakaangua kicheko, na kutokana na kicheko hicho, ndani ya wiki moja, akatunga "Kamba Fupi", wimbo wa mwanamume anayewaeleza wenzake jinsi ya kumfuga mke kama farasi jike, kamba fupi, mkono mzito, na sukari kidogo Jumapili. Akamletea mkewe jikoni, akamwambia, "Niwekee mwanzo ambao watu watapiga kelele kabla sijafungua mdomo." Marehemu alikuwa na mimba ya Nereida. Aliuweka asubuhi moja, kati ya kuloweka maharage na kuyabandika, zile sauti kumi na mbili za kodiani ambazo kila mtu kuanzia Tampico hadi San Antonio anaweza kuzipiga mluzi, na alipoulizwa miaka mingi baadaye kwa nini hakuharibu makusudi, alisema kwamba hakujua kupiga vibaya, hakuna aliyewahi kumfundisha.

Ndani ya mwaka mmoja wimbo ulikuwa kwenye kila baa, kila basi na kila harusi. Wanaume waliwapigia wake zao mluzi wa wimbo huo mezani chumvi ikipungua. Sokoni Linares vijana walimwita marehemu "Bi Kamba", na yeye alinunua nyanya zake, akafunga mtandio, akarudi nyumbani.

Tarehe 5 Septemba 1981 alifika Linares Mwalimu Amparo Zertuche wa Monterrey, wa kikundi cha wanawake, kuzungumza na wafanyakazi wa ghala la machungwa juu ya likizo ya uzazi na juu ya kupigwa, na katikati ya mazungumzo akautaja ule wimbo, akasema ni sumu, na ubaya wa sumu hiyo ni utamu wake. Marehemu alikuwa safu ya nyuma, mikono imefichwa chini ya mtandio. Wenzake walipotoka alibaki, akasema, "Mwalimu, huo utamu ni mimi." Mwalimu Amparo hakuelewa, ikabidi aelezwe mablanketi na kila kitu, halafu akamwambia, "Dada, basi ujibu. Nani mwingine ataweza?" Marehemu alijibu kwa wimbo unaoitwa "Mlango ni Wangu", akaupiga na kuuimba mwenyewe, akaurekodi kwenye kanda sebuleni kwa mwalimu tarehe 12 Juni 1982, na redio moja ya mkoa ikaupiga mara moja, saa moja asubuhi, simu za wanaume zikafurika, mtangazaji akasema hewani, "Jamani mrudisheni mama jikoni, maharage yanaungua," kanda ikarudishwa kwa bahasha. Siku hiyo Ascensión hakumpiga mke wake, familia inapenda hilo lijulikane kwa haki, alichukua kisu cha ngozi akaipasua mivukuto ya kodiani ya mkewe kutoka juu hadi chini, akakaa kula. Wanawake wa Monterrey waliuimba wimbo ule kwenye maandamano yao kwa miaka mingi, bila kodiani.

Nereida aliolewa tarehe 14 Machi 1992, akiwa na miaka kumi na minane, na kijana aitwaye Leobardo Ibarra. Katika sherehe bendi ya baba yake ilipiga "Kamba Fupi", bwana harusi akatoa kamba ya kweli ya kufungia farasi, akamzungushia bibi harusi mabegani, akamvuta kuzunguka ukumbi, na wageni wakapiga makofi kwa mdundo. Marehemu naye alipiga makofi. Hilo alilisema mwenyewe, mara nyingi, hakutaka lifichwe, na aliagiza liandikwe.

Jumapili tarehe 17 Oktoba 1993, saa nane mchana, Nereida alifika nyumbani kwa wazazi wake kwa basi, taya limevunjika, kitambaa cha jikoni kimefungwa kutoka kidevuni hadi utosini. Familia ilikuwa mezani. Baba yake alimtazama, akauliza, "Umemwacha wapi mume wako?", na kwa kuwa Nereida hakuweza kujibu, akasema, "Basi kula ukiweza, halafu Ubaldo akurudishe kabla majirani hawajaona." Leobardo mwenyewe aliingia baada ya nusu saa, amechana nywele, akavua kofia kwa heshima, na Ascensión alipomuuliza kama hii ndiyo kazi ya mwanamume, yule kijana akashangaa kwa dhati, akasema, "Lakini baba mkwe, si wewe uliyetufundisha?" Ascensión akachukua kofia yake akatoka nje kuwatazama mbuzi, na mtu aliyewaimbia wanaume wa majimbo matatu jinsi ya kuwa wanaume hakupata neno moja la kusema kwa ajili ya taya la mwanawe.

Marehemu aliinuka, akazima jiko. Alichukua kodiani, iliyokuwa imeshonwa, na nguo za mabinti zake wawili. Mlangoni alisimama Ubaldo, aliyekuwa na miaka ishirini na mitatu na tayari anaimba kando ya baba yake, akasema, "Mama, unatuaibisha," na marehemu akamjibu, "Sogea, mwanangu, mlango ni mpana." Walipanda basi la saa kumi. Taya la Nereida lilifungwa kwa waya kesho yake Monterrey, na Mwalimu Amparo aliwapa chumba, wakakaa miaka minne.

Talaka ilitolewa tarehe 8 Julai 1996. Kuanzia mwaka 1995 hadi 2020 marehemu alifundisha kodiani wasichana uani hapa Monterrey, madirisha wazi, na wengi wenu mlioketi upande wa kushoto mlipita mikononi mwake. Mmoja wao, ambaye leo ana jina kubwa kuliko la Wababe wote, alipata umaarufu kwa wimbo wa mwanamke anayewafunga wanaume kamba, na waandishi walipokuja kumuuliza marehemu kama hatimaye anajisikia amelipiziwa kisasi, aliwakaribisha kahawa, akasema, "Kamba ni ileile, wanangu, imebadilisha mkono tu," na hawakuliandika.

Ascensión alifariki mwezi Aprili 2009 na kuzikwa kwa bendi tatu. Marehemu aliombwa akapige, hakwenda. Tarehe 9 Machi 2017 alialikwa kwenye chuo kikuu kimoja hapa mjini, ambako wanafunzi wa kike walikuwa wakiomba wimbo ule usipigwe tena kwenye sherehe za chuo, na binti mmoja, kwa hasira, akamuuliza aliwezaje. Marehemu alimtazama kwa upole, akasema, "Vidole vilikuwa vyangu, mdomo ulikuwa wake, na wewe umeshawahi kucheza," na ukumbini wote walikwisha kucheza.

Jambo la mwisho alilolitaka lilikuwa dogo. Mwaka 2018 kampuni iliyorithi santuri zile ilikuwa ikizitoa upya, naye akaandika kuomba jina lake lichapwe, maneno matatu, Obdulia Leal, kodiani. Kampuni ikajibu kwa adabu kwamba wanabendi wengine wamefariki, jalada linamwonyesha Crescencio Leal, na kwamba itatosha Crescencio atie sahihi kuwa si yeye aliyepiga. Tarehe 4 Novemba 2018 marehemu alikwenda Linares na barua hiyo, akaketi barazani kwa kaka yake, baraza ileile ya baba yao. Crescencio aliisoma mara mbili. "Wajukuu zangu wananiita mwalimu," akasema. "Shule ya muziki ya hapa ina picha yangu. Dada, unataka nife nikiitwa mwongo?" Marehemu akasema, "Nataka nife nikiitwa kwa jina langu." Crescencio akamrudishia barua, akamuuliza kama atakula. Santuri zilitoka na jina la Crescencio, na tangu siku hiyo marehemu hakuingia tena Linares, na ndiyo sababu anazikwa hapa, karibu na Mwalimu Amparo, aliyetangulia mwaka 2014.

Marehemu alikuwa na kisukari kwa muda mrefu, na kuanzia mwezi Februari 2021 alisafishwa figo mara tatu kwa wiki. Tarehe 25 Mei 2023 alilazwa. Jumapili tarehe 28 Ubaldo alifika kumwona, baada ya miaka sita, na kwa kutaka kumfurahisha akaufungulia ule wimbo kwenye simu, muuguzi mmoja asiyejua akacheza kidogo mlangoni, marehemu akageukia ukutani. Ubaldo akasema, "Mama, huu ndio uliotulisha," naye akamjibu akiwa bado amegeuka, "Uliwalisha ninyi. Mimi ulinila." Ubaldo alilia, na alikaa hadi mwisho, na alimshika mkono, na leo ni mmoja wa wanaobeba jeneza, na familia inalisema hilo kama ilivyosema mengine. Obdulia Leal Rocha alifariki Jumanne tarehe 6 Juni 2023, saa nane na dakika kumi mchana, akiwa na umri wa miaka sabini na minne, ameacha watoto watatu na wajukuu watano.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa kitengo cha figo, akiwemo yule aliyecheza, ambaye alikuja kuomba radhi na hakuwa na kosa. Inawashukuru majirani wa mtaa, walioleta kahawa, mkate na viti bila kuombwa, wanawake wa ghala la machungwa walioanza safari tangu alfajiri, wanafunzi wake wote, na kikundi cha Mwalimu Amparo kilichosimamia mazishi haya.

Jana, Alhamisi, saa nne asubuhi, Crescencio Leal alifika nyumbani kwetu akisindikizwa na mjukuu wake, ana umri wa miaka sabini na sita na ameketi sasa safu ya pili, akatukabidhi barua aliyoiandikia kampuni, ikiwa na sahihi yake, chini ya sentensi isemayo kwamba hakupiga kodiani katika wimbo hata mmoja wa santuri zile saba. Sahihi ni yake, tarehe ni ya jana. Tumeipokea, na itapelekwa kwa kampuni Jumatatu. Aliuliza kama mama alisema lolote juu yake, tukamwambia ukweli, kwamba mama aliuliza siku tatu mfululizo kama kaka yake amekuja.

Kwa sahihi hiyo familia haina shukrani ya kutoa.

Obdulia Leal, kodiani, upumzike kwa amani, mama.